Sura ya Tisa: Duara la Kijani

Jelagat alilivuta gunia la nguo chafu kutoka nyuma ya mlango, kisha akalikalia, kana kwamba bado hajaamua.

"Dada Violet, nikipoteza hii kazi, hata chuo nimeisha."

"Hutaipoteza. Mwenye mkahawa mwenyewe ndiye aliyeniruhusu niingie huku."

"Alikuruhusu uangalie. Hakusema ufungue."

Violet Chilongani hakubishana naye. Aliegemea ukuta akasubiri. Tangu enzi zake za upelelezi katika polisi ya Dodoma alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyekalia kitu, ukimvuta atakikalia zaidi. Nje, ukumbini, mtu alikuwa akijaribu kodiani kabla wateja wa jioni hawajaingia. Sauti yake ilipenya hadi chumba hiki cha kufulia pamoja na harufu ya siki na nyama ya kuchoma. Jelagat, mhudumu Mkenya, mwembamba, aliyevishwa gauni la Kijerumani lenye kifua cha kamba na aproni ya maua, alitazama viatu vyake kwa muda. Halafu akainuka.

"Loli la dobi linakuja kesho," alisema. "Ungechelewa siku moja tu."

Siku moja ndiyo iliyokuwa imebaki kwa kila jambo. Jumapili iliyopita watu wanne walikuja kula hapa Hedwigshof, mkahawa wa Kijerumani nje kidogo ya Rockville, Marekani. Mwenyeji wao alikuwa Ferdinand Komba, mhandisi Mtanzania aliyesomea Dresden na ambaye hakuacha kupenda chakula cha huko. Alikuwa akisherehekea uchumba wake na Bilha Kemunto, Mkenya mwenye kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Waalikwa walikuwa wawili: Leonard Haule, rafiki wa Ferdinand tangu Ujerumani, na Peterson Mugambi, mwenye ile nyumba ya wazee kule Temple Hills, mwajiri wa Bilha. Mwisho wa chakula waliinua vijiglasi vya shnapsi, pombe kali nyeupe kama maji ambayo Wajerumani huimeza kwa funda moja. Ferdinand akameza, akaangukia meza.

Madaktari walisema ni kostiki, ile ya kuzibulia mabomba ya jikoni. Koo liliungua vibaya. Tangu siku hiyo walikuwa wamemlaza kwa usingizi wa dawa na mpira kooni, na hakuna aliyejua kama ataamka na sauti yake. Maabara iliikuta kostiki kwenye glasi yake peke yake. Mteja wa meza ya jirani alikula kiapo kwamba aliuona mkono wa Bilha kwenye glasi hiyo kabla Ferdinand hajanywa. Bilha akakana. Asubuhi ya kesho polisi wangemshtaki, na wakili wake, ambaye Violet alimfanyia kazi ya upelelezi, hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba mteja wake ni mtu mwema.

Jelagat alikitoa kitambaa cha meza, wakakitandaza sakafuni.

"Polisi hawakukiona hiki?"

"Wahudumu wa ambulansi walitaka nafasi. Nikavuta kila kitu, nikatupa huku. Polisi walipofika walichukua glasi na sahani. Hakuna aliyeuliza kitambaa."

Kilikuwa kitambaa cheupe, chenye nembo ya mkahawa iliyodariziwa kwenye pembe moja. Bakuli la kabichi nyekundu lilikuwa limepinduka Ferdinand alipoanguka, na maji yake ya zambarau yalitapakaa karibu kila mahali, yakakauka. Karibu kila mahali. Upande mmoja palikuwa na baka kubwa ambalo halikuwa zambarau hata kidogo. Lilikuwa kijani, kijani kilichofifia kuelekea manjano.

Violet alipiga magoti. Mama yake alikuwa akiuza juisi ya rozela Dodoma, na utoto wake mzima ulikuwa wa kufua vitambaa vyenye madoa mekundu ya rozela. Kila mtoto wa nyumba ile alijua mchezo huo: doa jekundu, ukiligusa na sabuni ya mche, linageuka kijani mbele ya macho yako. Siki na ndimu hulirudisha jekundu. Sabuni, jivu na magadi hulifanya kijani. Na kostiki ni babu wa magadi yote.

"Niletee sahani ya kabichi na kijiko cha magadi ya kuokea," alisema.

Jelagat alivileta. Violet alinyunyiza unga kidogo ukingoni mwa sahani, na zambarau ikaingia ubuluu, kisha ukijani. Jelagat akaguna.

"Aki. Kama uchawi."

"Nembo hukaa upande gani?"

"Inaangalia mlango. Kila siku. Mama mwenye mkahawa hukasirika tukikosea."

"Basi hapa, kwenye baka kubwa, aliketi nani?"

"Ferdinand. Hapo ndipo alipoitema."

Violet alisogeza kidole, polepole, upande wa kushoto. Ndani ya zambarau, peke yake, palikuwa na duara dogo la kijani, safi kama limechorwa. Lilikuwa na ukubwa wa kitako cha kijiglasi.

"Na hapa?"

Jelagat aliitazama tena nembo. "Bilha."

Magoti ya Violet yalianza kuuma lakini hakuinuka. Glasi yenye kostiki, iliyolowa chini, ilikuwa imesimama mbele ya Bilha kabla haijafika kwa Ferdinand. Mwendesha mashtaka angeweza kukitundika kitambaa hiki mahakamani na kukaa chini bila kuongeza neno. Violet alikuwa amekuja kutafuta cha kumwokoa mteja, na hiki ndicho alichokipata.

"Nieleze zile glasi zilivyofika mezani," alisema. "Usiruke kitu."

"Leonard aliagiza shnapsi. Peterson akanifuata baa, akasema Bilha hanywi, ni Msabato, awekewe maji kwa glasi kama zao ndiyo agonganishe nao. Nikajaza tatu shnapsi, moja maji. Ile ya maji nikaibandika kipande cha limau ndiyo nisichanganye. Nikaweka sinia kwa kile kimeza cha pembeni, kwenye njia ya kwenda choo. Halafu watoto wa meza ingine wakamwaga soda, nikakimbia. Kurudi, Leonard ashaichukua sinia akapeleka mwenyewe. Huyo alikuwa akifanya kazi hapa, anajiona wa nyumbani."

"Alifanya kazi gani?"

"Alikuwa akioka bretzeli."

Violet aliinua kichwa. Bretzeli, ile mikate ya chumvi iliyosokotwa fundo, huchovywa katika maji ya kostiki kabla ya kuingia tanurini. Ndiyo maana huwa na ngozi ya kahawia inayong'aa. "Kwa hiyo kostiki iko jikoni, na Leonard anajua ilipo."

Jelagat alitazama mlango, akashusha sauti. "Usiseme umetoa kwangu. Mpishi mzee alistaafu kitambo. Siku hizi bretzeli zinaletwa na loli, zimeganda kama mawe. Tunapasha moto tu. Hakuna kostiki kwa hii nyumba, hata ya mabomba. Wateja wakijua, huyu mama atakufa na aibu."

"Leonard anajua hilo?"

"Jumapili aliniuliza mbona ngozi imekuwa ngumu. Nikamdanganya."

Violet alikikunja kitambaa kwa uangalifu, upande kwa upande, akakitia ndani ya mfuko safi. Aliyekuja na kostiki aliileta kutoka nyumbani.

*

Gari jeusi la Peterson liliingia uwanjani majani ya Oktoba yakiwa yameuziba mfereji mzima. Violet alikuwa amewaomba wote watatu waje wakae palepale, wale kilekile, wamwonyeshe mambo yalivyokwenda. Alikuwa amewaambia ni kwa ajili ya kumsaidia Bilha. Bilha alishuka kwanza. Peterson alibaki nyuma akitafuta mahali pa kuegesha.

Violet alimshika Bilha mkono pale mlangoni na kumvuta pembeni, kwenye msitu wa makoti yaliyotundikwa.

"Uliniambia hukugusa glasi ya Ferdinand."

"Sikuigusa, dada."

"Kweli. Ya kwake hukuigusa. Ulimpa ya kwako."

Uso wa Bilha, ambao siku zote nne ulikuwa umejikaza kama ngoma, ulilegea ghafla. Akatazama chini.

"Ana vidonda vya tumbo," alisema. "Daktari alimkataza pombe kali. Lakini Leonard ni rafiki yake wa ujana, aliona haya kumkatalia. Akaninong'oneza, nipe maji yako. Nikatoa limau, nikamsogezea. Yake nikaiweka mbele yangu."

"Kwa nini ukaficha?"

"Ningesema nini? Kwamba alichomeza kilitoka kwa mkono wangu? Mimi ni mwuguzi, dada Violet. Nani angeniamini?"

"Mficha uchi hazai. Sasa nisikilize vizuri, maana hatuna muda." Nje, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. "Ile glasi ilikuwa na limau. Kila mtu alijua ni ya nani. Aliyetia kostiki hakuwa na habari na Ferdinand. Alikuwa anakutafuta wewe."

Bilha alirudi nyuma, mgongo ukazama kwenye makoti.

"Nani anataka usiwepo? Au nani anataka usiseme?"

Nyayo zilikuwa zikipanda ngazi. Bilha alijifunga sweta kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyeingiliwa na baridi, na macho yake yakaenda mlangoni kabla ya mlango kufunguka.

"Sijui," alisema.

Peterson Mugambi aliingia akitabasamu. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa heshima, mwenye suti nzuri na sauti ya kuombea watu. Badala ya kumpa Violet kiganja, alimnyooshea kifundo cha mkono, kama mtu aliyeitwa katikati ya ugali. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimefungwa bendeji.

"Samahani, mama. Rejeta ya gari ilinirushia maji ya moto."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Twende, Bilha, tusiwacheleweshe watu."

*

Mezani Leonard alikuwa ameshafika, amekaa wima kama mtu aliyeitwa shuleni kwa sababu ya mtoto. Meza ya pili, peke yake, mwanamke wa Kizungu mwenye nywele fupi alikuwa akinywa supu ya viazi. Alikuwa Sajenti Bridget Malloy, mwenye kesi. Alikubali kuja kwa shingo upande. Alimwambia Violet kwenye simu kwamba atakula chakula chake cha jioni, na akisikia la maana atasikia. Kiswahili hakukijua hata salamu.

Violet aliketi kwenye kiti cha Ferdinand. Bilha kushoto kwake, Peterson kando ya Bilha, Leonard upande wa pili. Jelagat akaleta vilevile vya Jumapili: nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye siki, vitonge vya viazi, kabichi nyekundu, samaki kwa Bilha, bretzeli kwenye kikapu, bia kwenye makopo ya udongo yenye vifuniko. Mpiga kodiani aliwaona, akawatambua, akahamia pembe ya mbali.

Hakuna aliyekuwa na njaa. Leonard alimega bretzeli, akaitafuna, akaitazama.

"Imekuwa ngumu," alisema.

"Wewe ulikuwa ukizioka hapa," Violet alisema.

"Zamani."

"Ukizichovya kostiki."

Leonard aliiweka chini. "Ndiyo ulichoniitia?"

"Uliagiza shnapsi wewe. Ulibeba sinia wewe. Kostiki unaijua kuliko yeyote hapa. Ningekuwa polisi, kaka Leonard, ningeanzia kwako."

"Basi anza!" Kopo la bia lilitikisika. "Mimi na Ferdinand tumekaa chumba kimoja Dresden, theluji mpaka dirishani, koti moja tunapokezana. Akienda darasani yeye, mimi nakaa ndani. Leo uniambie nimemlisha kostiki? Kwa lipi? Kwa lipi, jamani?"

Alikuwa analia, na hakujificha. Sajenti Bridget aliinua macho kutoka kwenye supu, akayarudisha.

"Taratibu, bwana Leonard," Peterson alisema kwa upole. "Mama anafanya kazi yake. Hata mimi nimejiuliza mengi. Sinia ilikuwa mikononi mwako, hilo halina ubishi. Mimi nilikuwa nimeenda msalani. Niliporudi nilikuta glasi zishagawiwa."

"Nani alizigawa?" Violet aliuliza.

"Yeye Leonard."

"Ni kweli," Leonard alisema, akijifuta kwa kitambaa cha mkono. "Yenye limau nikampa shemeji."

"Kisha?"

Peterson ndiye aliyejibu. Alikuwa amegeuka kumwelekea Violet, na alisimulia vizuri, kwa huzuni iliyopangika. "Kisha Ferdinand akasimama. Akasema yale maneno yake ya Kijerumani, akamwangalia Bilha, tukacheka. Akainua, akayabugia yale maji yote mara moja. Niliona koo lake likikataa. Sitasahau, mama. Sitasahau kamwe."

Violet aliikata nyama yake. Aliikata vipande vidogo kuliko ilivyohitaji.

"Yale maji?" alisema.

"Nini?"

"Umesema aliyabugia yale maji."

Kodiani ilikuwa imefika mwisho wa wimbo. Peterson alicheka kidogo puani.

"Si nyinyi Watanzania mnaita pombe maji? Nimekaa nanyi sana."

"Tunaita. Leonard angesema hivyo, nisingeshtuka. Lakini wewe unasema 'pombe' tangu tulipoanza kuzungumza kwenye simu juzi. Uliniambia pombe ile ilikuwa na kitu. Uliwaambia polisi pombe. Kila mtu anaamini Ferdinand alikunywa shnapsi. Kwamba alikunywa maji, kwamba walibadilishana, walijua watu wawili tu. Mmoja kalala hospitali na mpira kooni. Mwingine kaniambia sasa hivi, hapo kwenye makoti, wewe ukiwa bado nje. Wa tatu wa kujua angekuwa yule aliyeyatia maji hayo kostiki."

Leonard aliacha kujifuta. Alimtazama Bilha, na Bilha akatikisa kichwa kukubali. "Walibadilishana?" alinong'ona. "Ferdinand alikunywa ya shemeji?"

"Ulimi umeteleza," Peterson alisema. "Mtu hafungwi kwa ulimi."

"Hafungwi," Violet alikubali. "Ulimfuata dada wa baa ukamwomba maji ya Bilha. Sinia ilikaa kwenye njia ya choo, na wewe ndiye uliyeipita. Ulimimina kwa haraka, ikafurika. Glasi ilifika mbele ya Bilha ikiwa imelowa chini. Kitambaa cha meza ninacho, na alama yake iko palepale alipoketi. Na mtu anayemimina kostiki kwa haraka, bwana Peterson, haiponi mikono yake." Aligeuka. "Bilha. Wewe ni mwuguzi. Mfungue vidole utazame kama ni maji ya rejeta."

Bilha hakusogea. Kisha akasogea. Alinyoosha mkono kama anavyofanya kila asubuhi kwa wazee, kiganja juu, akisubiri mgonjwa ajiweke mwenyewe. Mkono wa Peterson ulikuwa umelala juu ya meza, kando ya kisu. Ulikaa hapo. Halafu ukavutwa chini, mapajani, kwenye giza la meza.

"Baba Makena," Bilha alisema. Ndivyo alivyokuwa amemwita siku zote, kwa jina la mtoto wake, kama wanavyoitana watu wa heshima. "Nionyeshe mkono."

"Usinishike."

"Ulitaka kuniua?"

Aliinama kumwelekea, karibu sana, na alipozungumza ile sauti ya kuombea watu haikuwepo tena. "Nani alisema kuua? Ungetema. Ungeungua kidogo, ungekaa hospitali wiki mbili, wakaguzi wangekuja na kuondoka. Nilikuomba mara ngapi unyamaze, Bilha? Nilikuomba kama dada yangu."

Leonard alisukuma kiti nyuma. Violet alimwekea mkono begani akamkalisha, kwa nguvu.

"Wakaguzi wa nini?" alimwuliza Bilha.

"Usimjibu," Peterson alisema. "Fikiria kwanza. Karatasi zako ziko wapi? Nani alikutafutia wakili wa uhamiaji, na faili imekaa ofisini kwa nani? Haya, sema. Umwambie huyo mzungu na supu yake. Halafu uone kama wiki ijayo utakuwa unalala kwako Adelphi au utakuwa ndani ya ndege. Ferdinand akiamka atakukuta wapi?"

Yote aliyosema mtu huyu aliyasema kwa Kiswahili, meza moja tu kutoka kwa askari asiyeelewa hata neno, na kesho angeyakana mbele ya wakili wake. Leonard angeitwa rafiki mwenye uchungu. Violet mwenyewe angeitwa mpelelezi wa kulipwa. Kitambaa peke yake kilikuwa kinamwonyesha Bilha kidole. Mtu wa kueleza sababu alikuwa mmoja tu, na mtu huyo alikuwa akitazama sahani ya samaki aliyepoa.

"Siwezi kukulazimisha," Violet alimwambia. "Anachosema juu ya karatasi ni kweli, anaweza kukuumiza. Wakili wangu atapigana, lakini sikuahidi kitu. Ukinyamaza, tutajaribu njia nyingine."

"Iko?"

Violet alitaka kumdanganya. Alitazama zile glasi nne ambazo Jelagat alikuwa amezileta na hakuna aliyezigusa.

"Sijaiona bado."

Peterson alisimama. Alijifunga kifungo cha koti kwa mkono wa kushoto, akapapasa funguo za gari. "Asanteni kwa chakula," alisema kwa sauti ya kawaida, na ni kweli kwamba mtu aliyekuwa meza ya pili angeona bwana mstaarabu anawaaga wenzake. "Bilha, twende. Nakurudisha nyumbani."

Bilha alisimama pia.

Violet aliweka uma chini. Alimwona akichukua mkoba, akinyoosha sketi, akizunguka kiti chake. Peterson alimpisha apite mbele, kama muungwana. Bilha alipita. Alitembea hadi meza ya pili, akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akaketi mbele ya Sajenti Bridget, na kuweka mkoba mapajani.

"Naomba unisikilize," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, hadi familia iliyokuwa dirishani ikageuka. "Yule bwana asiondoke."

Sajenti alimtazama yeye, akamtazama Peterson aliyekuwa ameganda na funguo mkononi, akaweka kijiko chini. Hakusimama. Alisogeza tu kiti chake nusu, na mlango wote wa ukumbi ukawa nyuma ya bega lake.

"Wakili wako yuko wapi?" aliuliza. "Unajua nikianza kukuuliza, nitauliza kila kitu. Jina, anwani, hali yako ya ukaazi. Siwezi kuchagua."

"Uliza."

"Bilha!" Peterson aliita.

Leonard alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imening'inia, analia bado. Hakumgusa. Lakini Peterson asingeweza kupita bila kumsukuma, na hakumsukuma.

"Jina langu ni Bilha Kemunto," Bilha alisema. "Naishi Adelphi. Viza yangu imekwisha na sijapata nyingine. Haya, hayo umeyapata. Sasa niulize habari za Bibi Harriet. Nyumba ya wazee ya huyu bwana, Temple Hills, chumba cha nyuma. Wamemfunga mikono kitandani mpaka nyama imeoza, wakaguzi wakija wanaambiwa amelala. Nilisema nitawaambia. Ndiyo sababu ya yote haya." Alivuta pumzi. "Hivi ninavyoongea bado yuko hai. Kama mtaenda sasa."

Sajenti Bridget alikuwa ameshafungua redio yake ya polisi.